Fahamu: Kwa nini Windows hujikokota ndani ya simu ya Android

Aliye na simu ya Android pale Mwigobero, Musoma, anaweza kuwasha Windows XP ndani yake. Itawaka, lakini itajikokota, na tatizo ni prosesa. Karibu simu zote za Android hutumia muundo wa ARM, uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. XP yenyewe iliandikwa kwa x86 ya Intel, ya tangu 1978. Amri za huku hazisomeki kule.

Hapo huingia emuleta, programu inayojifanya kompyuta nzima: prosesa, diski, hata kioo. Maarufu ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Programu ya Limbo ya Android imejengwa juu yake. QEMU huchukua kipande cha amri za x86, hukigeuza kuwa za ARM, kisha hukitunza kisigeuzwe upya kikihitajika tena. Ujanja mzuri, ila simu hupata joto na chaji hukimbia.

Kwa kulinganisha, Rosetta 2, programu ya Apple ya mwaka 2020 inayogeuza amri za x86 kwenye kompyuta za Mac zenye ARM, ina kasi zaidi, kwa sehemu kwa sababu hugeuza programu tu, si mfumo mzima.

Kwa hiyo, kwa kazi za kila siku kama hesabu za duka, tafuta programu ya Android yenyewe. Emuleta iachie majaribio na magemu ya zamani.