Usiulize Bei ya Chaja, Uliza Urefu wa Waya

Swali ni lile lile, na huja kwa maneno yale yale: kufunga chaja ya gari la umeme nyumbani ni shilingi ngapi? Ukijibu kwamba inategemea, muulizaji anakutazama kama mtu anayeficha bei. Basi tulinyooshe jambo lenyewe. Lile sanduku linalofungwa ukutani halichaji chochote. Chaja, yaani kifaa kinachogeuza mkondo geu wa TANESCO kuwa mkondo mnyoofu unaoingia kwenye betri, imo ndani ya gari. Iliwekwa kiwandani na huwezi kuiongezea nguvu kwa kununua sanduku kubwa. Sanduku la ukutani ni swichi yenye akili: linakagua kama waya wa ardhi upo, linaliambia gari lisivute zaidi ya ampea fulani, kisha linafungua njia. Mwenye Nissan Leaf ya zamani iliyotoka Japani, ambayo chaja yake ya ndani hupokea kilowati 3 hivi, au 6 kwa baadhi, akifungiwa sanduku la kilowati 22 atakuwa amenunua pambo. Kasi itabaki ile ile.

Pesa basi inakwenda wapi? Inakwenda kwenye shaba. Sanduku la kilowati 7, ambalo ndilo la kawaida kwa nyumba ya fezi moja, linavuta ampea 32, tena si kwa dakika tano bali usiku kucha. Mzigo huo unahitaji njia yake peke yake kutoka meni swichi hadi gari linapoegeshwa, na hapo ndipo nyumba mbili za mtaa mmoja zinapotofautiana bei. Mwenye mita kwenye ukuta wa banda la gari anahitaji mita sita za waya. Jirani yake, ambaye mita iko nyuma ya jikoni na gari linalala getini, anahitaji mita arobaini, na kwa umbali huo waya wa 6, yaani wenye shaba ya milimita 6 za mraba, haumtoshi vizuri. Aende kwenye wa 10, wenye shaba mara nne ya ule wa 2.5 uliomo kwenye soketi zake. Ongeza breka yake, swichi inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30, na fito la shaba la ardhini. Ndiyo maana bei za Ulaya hazikusaidii. Uingereza mtu hutajiwa kama pauni 1,000, sanduku na ufundi pamoja, lakini bei hiyo inachukulia kwamba nyumba tayari ina waya wa ardhi unaofanya kazi na meni yenye nafasi. Kwetu Tanzania hayo mawili ndiyo ya kwanza kukosekana.

Ukishaeleza hayo, hujibiwa kwa werevu ambao umekuwa kama dini: ya nini gharama zote hizo, wakati gari lilikuja na kebo yake? Chomeka kwenye soketi ya kawaida; breka ikikatakata, mwite fundi aweke kubwa zaidi. Ushauri huu unatolewa vijiweni, gereji, hata na mafundi wenye miaka ishirini kazini, na lazima nitumie nafasi kubwa kuuvunja kwa sababu ndio unaochoma nyumba.

Tuanze na soketi. Hoja husema birika la umeme nalo linakula kilowati 2, na hakuna aliyeunguliwa kwa kuchemsha chai. Birika linafanya kazi dakika nne. Gari litavuta kiasi kile kile saa tisa au kumi mfululizo, na plastiki ya soketi huchukua muda mrefu kabla haijafikia joto lake la juu kabisa. Birika huwa limeshazimwa zamani, gari ndiyo kwanza linaanza. Halafu kuna meno ya plagi. Soketi iliyolegea, au ile ya bei ya chini ambayo shaba yake ni rangi tu, inaweza kuwa na ukinzani wa ohmu 0.1 pale chuma kinapogusana na chuma. Ni kidogo sana, hadi upitishe ampea 13: hapo unazalisha wati 17 za joto katika sehemu ndogo kuliko kiberiti, umezifungia ndani ya ukuta, ukaenda kulala. Joto hilo linalegeza springi za soketi, kutu inaongezeka, ukinzani unapanda, na kesho joto ni zaidi. Wanaotumia ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake wanaongeza tanuri katikati ya njia.

Sasa breka. Watu wanadhani breka hukata kwa sababu ni mbovu au ndogo, kama mlinzi mwenye wivu. Breka haikuwekwa kulinda gari wala friji. Iliwekwa kulinda waya uliomo ukutani, na ukubwa wake ulichaguliwa kwa unene wa waya huo. Tena ni mpole kuliko inavyodhaniwa. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60898, breka hairuhusiwi kukata kabla mzigo haujapita mara 1.13 ya namba iliyoandikwa juu yake, na inalazimika kukata ndani ya saa moja pale tu mzigo unapofika mara 1.45. Ya ampea 20, basi, itavumilia karibu 23 siku nzima. Ikikata wakati gari linachaji huku kiyoyozi na pasi viko kwenye njia hiyo hiyo, imekwambia kweli. Fundi akiweka ya 32, breka hiyo itaruhusu ampea 36 zipite hadi asubuhi, katika waya wa 2.5 ambao darini, chini ya bati lililochomwa na jua, hauna uhakika hata wa 20. Na joto la waya haliongezeki sawasawa na ampea, bali kwa mraba wake: kutoka 20 kwenda 36 si karibu mara mbili, ni zaidi ya mara tatu. Plastiki ya waya wa kawaida imeumbwa kuvumilia nyuzi 70 za joto. Zidisha mwenyewe.

Lipo toleo baya zaidi. Kebo nyingine hugoma kuchaji na kuwasha taa nyekundu kwa sababu nyumba haina waya wa ardhi, na badala ya kuchimbia fito, mtu anafungua plagi na kuunganisha nyutro na tundu la ardhi. Taa inazima, malipo yanafanyika, wote wanafurahi. Kilichotokea ni kwamba bodi ya gari sasa imeshikamana na nyutro, na siku nyutro itakapokatika popote nyuma ya plagi hiyo, bodi yote itakuwa na volti 230, ikimsubiri mtoto asiye na viatu kwenye udongo wenye unyevu. Taa nyekundu ilikuwa inasema ukweli, na mtu amelipwa kuinyamazisha.

Hujibiwa kwamba jirani anafanya hivyo mwaka wa pili na nyumba bado imesimama. Bila shaka, waya hauungui siku ya kwanza. Unakauka taratibu, unakakamaa, unapasuka, na siku ya kuungua hakuna atakayekumbuka breka ilibadilishwa lini. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: mtengenezaji mwenyewe alitoa kebo ya soketi, sasa yeye ni mjinga? Siyo. Kebo za soketi za viwanda vya Ulaya kwa kawaida huishia ampea 8 au 10, kwa makusudi, ili soketi ipone. Ile iliyokuja na gari la Japani ilitengenezwa kwa volti 200 na kwa soketi maalumu yenye njia yake yenyewe. Plagi yake ilikatwa bandarini au gereji, ikavalishwa ya miguu mitatu ya kwetu. Aliyeikata ndiye aliyeondoa ulinzi, siyo mtengenezaji.

Na hapa nikubali jambo ambalo wauza masanduku hawapendi lisemwe: watu wengi hawahitaji kilowati 7. Anayetembea kilometa 40 kwa siku, pamoja na foleni za Dar, anatumia uniti 7 hivi, ambazo kwa LUKU ya kawaida, ile ya elfu kumi kwa uniti 28, ni kama shilingi 2,500. Uniti hizo zinaingia kwa saa mbili kwenye njia ya ampea 16. Aliye kwenye bei ya mteja mdogo ya uniti 75 kwa mwezi ajue kwamba gari litamtoa huko ndani ya wiki mbili. Kenya ilianzisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na ikafanya usiku kuwa nafuu. Sisi hesabu yetu bado ni ya nyumba nzima.

Kwa haraka, basi. Ukienda chini ya kilometa 80 kwa siku: njia moja ya ampea 16, waya wa 4, soketi ya buluu ya duara ya viwandani badala ya ile ya ukutani, swichi ya uvujaji, fito la ardhini, sanduku halihitajiki kabisa. Ukienda zaidi, au gari lina betri kubwa na chaja ya ndani ya kilowati 7: sanduku la ampea 32, waya wa 6 kwa umbali mfupi, wa 10 ukipita mita 25 hivi, na liwe sanduku linaloweza kushushwa ampea ili lisigombane na kiyoyozi. Waya wa 2.5 kwa mita 40 ungepoteza volti 23 kwa mzigo huo, wati zaidi ya 700 unazolipia ukutani. Usiombe fezi tatu kwa ajili ya gari linalotumia fezi moja. Stebilaiza acha dukani. Mpangaji apitishe waya kwenye bomba la nje ya ukuta ili ahame nao. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati, na kabla hajalipwa apime waya wa ardhi kwa kifaa, akutajie ohmu ngapi. Akisema ameuona kwa macho, tafuta mwingine. Sanduku linunuliwe baada ya hapo, ukiwa umechungulia tundu la gari lako kwanza, kwa sababu Leaf za Japani zina tundu la aina ya kwanza na masanduku mengi sokoni yanakuja na kebo ya aina ya pili.