MWANAO ANAPOKWENDA JAPANI
Mambo ya nyumbani yasiyoandikwa katika karatasi za safari

Mzazi anayemsindikiza mwanawe hadi uwanja wa ndege wa Kanombe aghalabu huwa na mambo mawili moyoni: furaha kwamba mtoto amepata nafasi ambayo wengi waliitafuta wakaikosa, na hofu ambayo hapendi kuitamka mbele ya jamaa. Hofu hiyo mara nyingi huwa ni ya mambo makubwa. Je, atayaweza masomo? Akiugua atauguzwa na nani? Kazi ataipata? Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo siku nilipomsindikiza binti yangu akielekea Kobe, nchini Japani, kusomea mambo ya kompyuta. Leo amekwisha kuhitimu na tangu mwezi wa Aprili mwaka jana ameajiriwa huko huko. Katika muda wote huo sikumsikia akilia kwa sababu ya mtihani. Aliyonililia katika simu ni mambo ya nyumbani: taka, chumba, ukimya wa majirani, na maharagwe.

Vijana wa Kigali si wageni tena katika njia hiyo. Mwaka 2013, katika mkutano wa TICAD uliofanyika Yokohama, Serikali ya Japani ilitangaza mpango wa kuwasomesha vijana wa Afrika na kuwapa mazoezi ya kazi katika makampuni yake, mpango ujulikanao kama ABE Initiative. Kundi la kwanza liliondoka mwaka 2014, na Wanyarwanda wengi wameelekea Kobe. Wengine wamekwenda kwa njia nyingine. Nchi yenyewe inawahitaji watu: wazee wanaongezeka, watoto wanapungua, na mwishoni mwa mwaka 2024 wageni wakaao humo walikuwa wamepita milioni 3.7 kati ya wakazi wapatao milioni 124. Kwa hiyo yamkini msomaji wa ukurasa huu, awe yuko kambini au mtaani, ana kijana anayejiandaa. Nayaandika haya kwa ajili yake na kwa ajili ya mama yake.

Jambo la kwanza ni saa. Japani imetutangulia kwa saa saba. Ukimpigia mtoto simu saa kumi na mbili jioni, baada ya shughuli zako, yeye kwake ni saa saba za usiku na kesho ana kazi. Wakati unaofaa ni saa saba mchana ya Kigali, ambapo kule ni saa mbili usiku na amekwisha kula. Tena usiudhike akikujibu kwa ujumbe mfupi kwamba yumo ndani ya treni. Mle watu hawazungumzi na simu. Behewa lililojaa pomoni hunyamaza kama watu waliomo kanisani, na mgeni aliyezoea gumzo la basi la Nyabugogo hudhani pametokea msiba.

KADI NA POLISI

Mgeni mwenye ruhusa ya kukaa muda mrefu hupewa kadi ya ukaazi, na katika viwanja vikubwa vya ndege huipata pale pale anaposhuka. Akishapata mahali pa kukaa, ana siku 14 za kujiandikisha katika ofisi ya manispaa. Mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hana budi kutembea na kadi hiyo kila siku, hata anapokwenda dukani kununua chumvi. Akibadilisha mwajiri, Idara ya Uhamiaji lazima iarifiwe kabla ya siku 14 kwisha. Na hapa wazazi wasikilize vizuri: aliyepewa ruhusa ya kufanya kazi akikaa miezi mitatu bila kuifanya na bila sababu ya haki, ruhusa yake yaweza kufutwa. Mtoto anaposema hawezi kuiacha kazi ghafla kwa kuwa bosi wake amemkasirisha, si woga huo.

Ndugu zetu wa polisi watapenda kusikia habari za koban. Hivi ni vibanda vidogo vya polisi vilivyotapakaa katika mitaa na karibu na vituo vya treni. Askari wa koban huijua mitaa yake nyumba kwa nyumba, na kazi yake kubwa machoni pa mgeni ni kumwonyesha njia aliyepotea. Vitu vilivyookotwa pia hupelekwa hapo. Sheria yao inampa mwokotaji haki ya zawadi ya asilimia 5 hadi 20 ya thamani ya kitu, na mwenyewe asipotokea kwa miezi mitatu, mwokotaji aweza kupewa. Binti yangu alisahau mkoba wake kwenye benchi la kituo, akaukuta koban ukiwa na kila sarafu. Nambari ya kuita polisi ni 110, na ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 119. Ziandikeni mahali.

TAKA

Kijana aliyekulia Kigali hujiona hodari wa usafi, na kwa haki kabisa. Tumezoea umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku mwaka 2008, ilhali maduka ya Japani yalianza kuitoza bei kwa lazima mwezi Julai 2020. Lakini usafi wetu una sauti. Ukikosea, mkuu wa mudugudu atakuja kukuambia, na jirani atakuambia kabla yake.

Kule taka hutengwa kwa aina: za kuchomwa, zisizochomeka, plastiki za vifungashio, makopo na chupa. Kobe kila aina ina mfuko wake uliowekwa na jiji, unaonunuliwa dukani, na ina siku yake. Mfuko hutolewa asubuhi ya siku hiyo kabla ya saa mbili, si usiku uliotangulia. Ukikosea, hakuna anayekuja kukugombeza. Wazoaji hubandika karatasi juu ya mfuko wako na kuuacha pale pale, mbele ya macho ya mtaa mzima.

Mfuko wa binti yangu ulikaa hapo siku tatu. Majirani walipita, wakamwinamia kwa adabu kama kawaida, wakaenda zao. Maandishi ya ile karatasi hakuweza kuyasoma, naye akaanza kutoka nyumbani alfajiri ili asikutane na mtu. Siku ya nne nilimwambia, “Mwanangu, wewe una mdomo. Gonga mlango uulize.” Alichukua pakiti ya kahawa ya Huye niliyokuwa nimempakia, akagonga kwa mama mmoja mzee wa chumba cha pili. Yule mama aliitazama kahawa, akautazama ule mfuko, akacheka. Kisha akaketi naye kwenye ngazi akamchorea kalenda: samaki na maganda siku hizi, chupa siku hii. Ndipo mwanangu alipojua kwamba desturi ya huko ni mhamiaji mwenyewe kuwapelekea majirani kizawadi kidogo siku anapohamia. Walikuwa wakimngoja yeye aanze. Kwetu mgeni ndiye hungoja.

CHUMBA

Haya ya taka ni ya kuchekesha yakishapita. Ya chumba hayachekeshi. Maadamu alikuwa mwanafunzi alikaa bwenini. Alipoajiriwa ilimpasa atafute nyumba, na dalali mmoja, ambaye simtaji, alipiga simu mbele yake kwa wenye nyumba watatu mfululizo. Kila mara aliisikia ile sauti ya adabu, kisha dalali akakata simu na kuinamisha kichwa. Mwenye nyumba hataki mgeni. Si yeye peke yake. Wizara ya Sheria ya Japani ilipowahoji wageni mwaka 2016, karibu wanne katika kila kumi wa wale waliokuwa wametafuta nyumba walisema waliwahi kukataliwa kwa sababu ya ugeni wao. Sidhani inafaa kumficha kijana jambo hili eti asikate tamaa. Ajue mapema, amwombe mwajiri amsaidie kutafuta, asije akadhani ni yeye aliye na ila.

Tena aende na akiba. Siku ya kuingia, mpangaji huweza kutakiwa kutoa kwa mara moja kodi ya mwezi wa kwanza, amana, ujira wa dalali, malipo ya kampuni ya udhamini, na kitu kiitwacho reikin, yaani fedha ya shukrani kwa mwenye nyumba, ambayo hairudi kamwe. Jumla yake huweza kufikia kodi ya miezi minne au mitano. Na chumba chenyewe mara nyingi ni kitupu, hata jiko la kupikia na taa hazimo. Jamaa wanaotarajia kutumiwa fedha mwezi wa kwanza wa mshahara, nawasihi wavute subira.

Katika mshahara huo hukatwa pia bima ya afya, nayo ni lazima kwa kila mkazi. Sisi tunaojua mituweli na bima ya jeshi hatutashangaa. Mgonjwa wa kawaida hulipa asilimia 30 ya gharama. Linalowashtua wengi ni kodi ya makazi, ambayo hukadiriwa kwa mapato ya mwaka uliotangulia. Mwaka wa kwanza mgeni haioni, anajisifu, na Juni ya mwaka wa pili mshahara unapungua ghafla. Atakayeondoka moja kwa moja aweza kudai malipo ya mkupuo kwa michango yake ya pensheni, mradi aombe kabla ya miaka miwili kupita.

KAZINI NA MEZANI

Kazini hapana la ajabu kwa mtoto wa askari. Kufika kwa wakati maana yake ni kufika kabla ya wakati. Wana neno horenso, lililofupishwa kutoka maneno matatu: kutoa taarifa, kuarifu na kushauriana. Pia ni jina la mboga, ile inayofanana na mchicha, kwa hiyo hawalisahau. Mkubwa huarifiwa kila hatua, hata kama habari ni mbaya, na hasa ikiwa mbaya. Kadi ya jina hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili, adabu ambayo Mnyarwanda hahitaji kufundishwa. Lakini ajihadhari na neno hai. Huko ni itikio tu, na mara nyingi maana yake ni “nimekusikia”, wala si lazima liwe “nimekubali”. Binti yangu alitoka katika mkutano mmoja akiwa na furaha kwamba rai yake imepita. Haikuwa imepita.

Lugha yenyewe masikioni si ngumu, kwa kuwa irabu zake ni zetu zile zile tano, na r na l hawazitofautishi, kama sisi tusivyogombana sana juu yake. Nchi yetu huiita Ruwanda. Taabu iko katika maandishi: aina mbili za herufi za silabi, na juu yake alama za Kichina, ambazo zile za matumizi ya kawaida pekee ni 2,136.

Na maharagwe? Aliyaona dukani, mekundu, yakamkumbusha nyumbani, akanunua mkate uliojazwa hayo. Akauma. Yalikuwa yamepikwa kwa sukari! Alinipigia simu siku hiyo kana kwamba amefiwa. Nilicheka, kisha nilipokata simu sikucheka tena. Sasa hununua maharagwe makavu na kuyapika mwenyewe kwa kitunguu na chumvi.

MJAPANI KATIKA KIGALI

Tusidhani ugeni huu ni wa upande mmoja. Mwaka 1965 Mjapani aitwaye Masaya Hattori, mtumishi wa Benki Kuu ya Japani, aliletwa hapa Kigali na Shirika la Fedha la Kimataifa kuwa gavana wa Benki ya Taifa ya Rwanda, benki iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Mji ulikuwa mdogo, fedha za kigeni haba mno. Alikaa hadi mwaka 1971, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu juu ya miaka hiyo, kinachosomwa huko kwao hata leo. Katika mambo anayoyasimulia, hili limenikaa: hakutosheka na maneno ya wataalamu wa kigeni waliomtangulia, bali aliwaita wafanyabiashara wa Kinyarwanda akawauliza wao wenyewe wanaishije na wanataka nini. Nilimwambia mwanangu habari hiyo katika juma la ule mfuko wa taka.

Kobe ni mji uliobanwa kati ya milima ya Rokko na bahari, na Mnyarwanda huipenda miteremko yake. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11:46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliubomoa. Walikufa watu 6,434. Kila mwaka wakazi hukusanyika katika bustani ya Higashi Yuenchi kabla ya mapambazuko, huwasha taa za karatasi na za mianzi, na dakika ile ile ikifika hunyamaza wote. Januari hii yule mama mzee aligonga mlango wa binti yangu akamwambia avae vizuri, kuna baridi. Hakumweleza wanakwenda wapi.

Alinipigia simu kutoka huko. Hapa Kigali ilikuwa bado ni tarehe 16, yapata saa tano za usiku, nami nilikuwa nimekwisha kulala. Alisema yule mama aliwasha taa moja kwa ajili ya dada yake, kisha akampa yeye nyingine bila kuuliza neno. Binti yangu hakuwa bado amezaliwa mwaka 1994, lakini majina ya babu yake na ya wajomba zake anayajua. Nilimuuliza ameifanyia nini ile taa. Akasema ameiwasha, na kwamba hakuzungumza mtu.