Umeokoka, Sawa. Je, Unaambilika?

Kuna kauli inanichosha kweli nikiisikia kwa wapendanao, hasa wale wa "Bwana asifiwe": "Mimi ndivyo nilivyo, Mungu anaujua moyo wangu." Hapo mwenzi wake kamwomba tu apunguze ukali wa maneno!

Mcheki John Newton, Mwingereza aliyetunga Amazing Grace, wimbo unaoimbwa makanisani mpaka leo. Alimgeukia Mungu mwaka 1748, dhoruba ikikaribia kuizamisha meli aliyokuwamo. Unadhani siku ile aliachana na biashara ya utumwa? Wapi! Mwaka 1750 alioa, na mwaka huohuo akaondoka akiwa nahodha wa meli ya watumwa. Juu anasali na kusoma Biblia, chini Waafrika wamefungwa minyororo. Na dhamiri imetulia tu! Alipoacha safari hizo mwaka 1754, ilikuwa kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka 1764 akawa kasisi wa Kianglikana. Kijitabu chake cha kuupinga utumwa, akikiri hadharani aibu yake, kilitoka mwaka 1788. Piga hesabu: miaka 40 tangu ile dhoruba.

Jamani, sisemi umsubiri mtu miaka 40! Ila kuokoka hakukumfumbua macho yote kwa siku moja, na wewe na mchumba wako hamtakuwa wa kwanza. Kwa hiyo usiishie kuhesabu ibada anazohudhuria. Muulize taratibu, mkiwa mmetulia: ni nani akikukosoa unamsikiliza? Akikosa hata jina moja, tarehe ya harusi isubiri kwanza.