Mbwa Mlinzi wa Mifugo

Mfugaji wa mbuzi katika nyanda za Ufipa hana haja ya kuelezwa hasara iletwayo na fisi na chui. Usiku mmoja watosha kumwondolea mtu mali aliyoitunza kwa miaka. Mbwa wetu wengi hulala mlangoni pa nyumba, na zizi hubaki peke yake. Basi yafaa tueleze habari za mbwa wa Anatolia, ambaye kazi yake ni kulala na mifugo.

Asili yake ni nchi ya Uturuki, ambako tangu zamani sana wachungaji walimtumia kulinda kondoo na mbwa-mwitu. Dume mkubwa hupata kilo 50 na zaidi. Mwaka 1994 shirika la kuhifadhi duma huko Namibia lilianza kuwagawia wafugaji mbwa hawa, ili mifugo ipone na duma wasiuawe. Mwaka 2013 walifika Tanzania, kwa wafugaji walio karibu na hifadhi ya Ruaha.

Mbwa huyu hawaswagi wanyama, bali hukaa kati yao. Amwonapo adui hubweka kwa sauti kuu na kusimama baina yake na kundi. Mara nyingi adui huenda zake pasipo kupigana. Ni mpole kwa mbuzi, lakini humshuku mgeni. Hakuna dawa katika jambo hili. Huwekwa zizini angali mdogo, apatapo majuma 8 hivi, naye hukua akiwaona mbuzi kuwa ndugu zake. Akizoeshwa mno kucheza na watoto, ataipenda nyumba kuliko zizi. Akiwakimbiza wana-mbuzi kwa mchezo, akemewe papo hapo.

Utunzaji wake ndio mzigo. Hula sana, na mbwa mwenye njaa huacha kundi akawa mwizi. Lazima achanjwe kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kama aagizavyo bwana mifugo. Asipewe mapafu wala maini yenye malengelenge, kwa maana humo mna minyoo impatayo mbwa na kisha mwanadamu. Yachomwe au yafukiwe chini sana.

Je, mtu wa Kizwite asiyeweza kumlisha mbwa mkubwa kama huyu afanyeje? Huko Botswana imeonekana kwamba mbwa wa kienyeji, akilelewa vivyo hivyo pamoja na mbuzi, hulinda vizuri, naye hula kidogo. Basi anayetaka mlinzi na achague mtoto wa mbwa mwenye afya, amweke zizini, amlishe humo humo kila siku, na amchanje.

Tena mbwa si badala ya zizi imara wala ya mchungaji mwangalifu. Wala asitumie mtu sumu katika mzoga: sumu haimchagui fisi, bali huua tai na hata mbwa huyo huyo aliyelelewa kwa taabu.