KUTAPIKA BAADA YA DAWA ZA SARATANI: FAMILIA IFANYE NINI?

Katika familia nyingi za parokia zetu yupo mama, baba au mtoto anayetibiwa saratani, ugonjwa ambao wengi wetu huuita kansa. Wengine hutibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, wengine Bugando, Mwanza, au KCMC, Moshi. Huko huwekewa dripu ya dawa, kisha wengi hurudi nyumbani kungoja zamu inayofuata, mara nyingi baada ya wiki mbili au tatu.

Siku hizo za nyumbani ndizo tunazotaka kuziongelea. Mgonjwa akitapika siku tatu mfululizo, hali chochote, na majirani wakasema kwamba dawa zinammaliza, ni rahisi familia kuamua asirudi tena hospitali. Tiba ikikatizwa hivyo, saratani hupata nafasi ya kuendelea kukua. Kwa hiyo tuseme mapema: kutapika huku mara nyingi kunaweza kuzuiwa, au kupunguzwa sana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani.

KWA NINI MGONJWA ANATAPIKA?

Dawa nyingi za saratani hushambulia chembe za mwili zinazozaliana upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini hata zile za utumbo na za mizizi ya nywele huzaliana upesi, nazo huumia. Utumbo ukiguswa na dawa hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo huamsha mshipa wa fahamu unaopanda hadi ubongoni. Ubongo hupokea habari kana kwamba mtu amekula sumu, na huliamuru tumbo litoe kilichomo.

Basi mgonjwa hatapiki kwa sababu ni mlegevu au amerogwa. Wala kutapika si kipimo cha tiba: asiyetapika dawa inaweza kumsaidia sawasawa na anayetapika.

Dawa zenyewe hazilingani. Sisplatini hutapisha sana, wakati vinkristini hutapisha kidogo. Wagonjwa nao hawalingani. Wanawake, vijana, waliotapika sana wakati wa ujauzito, na wanaochafukwa moyo wakisafiri kwa gari hupata taabu zaidi. Mwelezeni daktari mambo haya kabla ya dripu ya kwanza.

KUTAPIKA KUNA NYAKATI TATU

(a) Siku ile ile ya dawa, yaani katika saa 24 za kwanza.

(b) Siku ya pili hadi ya tano. Kwa sisplatini, siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu zaidi, na huenda mgonjwa ameshafika nyumbani.

(c) Kabla ya dawa. Aliyeteseka sana zamu zilizopita anaweza kusikia kichefuchefu akiona tu lango la hospitali. Ndiyo sababu kutapika kuzuiwe tangu zamu ya kwanza.

DAWA ZA KUZUIA KUTAPIKA

Sisplatini ilipoanza kutumika miaka ya 1970, wagonjwa wengi walitapika mno. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipatikana ondansetroni, inayozuia ile serotonini isifanye kazi yake. Siku hizi daktari huichanganya na nyingine, kama deksamethasoni, metoklopramidi au olanzapini.

Kosa linalofanyika majumbani ni kuvitunza vidonge hivi mpaka mgonjwa atapike. Vidonge alivyoandikiwa kwa siku za baada ya dripu vinywewe kwa saa, hata kama mgonjwa anajisikia vizuri. Kuzuia kutapika ni rahisi kuliko kukukomesha kukishaanza. Mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuangalia saa na kuweka alama kwenye karatasi kila kidonge kinaponywewa.

Olanzapini hutumika pia kwa wagonjwa wa akili. Msishtuke mkilisikia jina hilo. Hapa hutolewa kwa ajili ya kutapika, na huleta usingizi. Ondansetroni yaweza kufunga choo. Deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari amkumbushe daktari. Mgonjwa akipinda shingo au uso baada ya metoklopramidi, apelekwe hospitali mara moja.

Kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni: Vidonge hivi ni vya siku ngapi? Akikitapika kidonge tufanye nini? Tumpigie nani simu? Na kama bado alitapika, semeni zamu inayofuata, kwa sababu daktari anaweza kubadili au kuongeza dawa. Mgonjwa anayenyamaza kwa heshima huonekana hana shida.

CHAKULA NA HARUFU

Mpeni kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili hivi: uji mwepesi, ndizi, viazi vya kuchemsha, mkate mkavu. Chakula kilichopoa hakina harufu kali kama cha moto. Msikaange samaki wala vitunguu karibu naye, na jiko la mafuta ya taa liwekwe mbali. Chakula akipendacho kuliko vyote msimpe siku ya dripu, maana akikitapika anaweza kukichukia kwa muda mrefu. Asilazimishwe kula, ila anywe maji mara kwa mara, funda moja moja.

Anayetapika sana anahitaji maji ya chumvi na sukari. Kama hakuna pakiti za dukani, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kipimo cha kusawazisha. Msimpe dawa za mitishamba bila kumwambia daktari, kwani baadhi hugongana na tiba.

Safarini aketi mbele ya basi, awe na kopo lenye mfuniko. Kwa siku mbili baada ya dripu, matapishi na choo huweza kuwa na mabaki ya dawa: anayesafisha avae glovu, anawe kwa sabuni, na mama mjamzito asifanye kazi hiyo.

Wengine huuliza juu ya kufunga. Mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga, na sheria ya Kanisa inamruhusu, pamoja na anayemuuguza, kupokea Ekaristi hata kama amekula muda mfupi kabla.

MPELEKENI HOSPITALI BILA KUNGOJA

Msisubiri kupambazuke mkiona mojawapo ya haya:
- maji hayakai tumboni kwa siku nzima;
- hapati mkojo, au mkojo ni kidogo na wa rangi nzito;
- anatapika damu au kitu kama unga wa kahawa;
- amechanganyikiwa au anazirai;
- ana homa ya 38 au zaidi, hata kama hatapiki, kwani dawa hizi hupunguza kinga ya mwili.

Tunawasihi basi, ndugu wasomaji, mgonjwa wenu akisema, "Sirudi tena kule," msimkemee wala msikubali haraka. Mwulizeni alitapika mara ngapi na vidonge alivinywa saa ngapi, kisha mrudi naye kwa daktari mkaseme hayo.