Hakuna Kidonge cha Kunenepesha Yai

Katika kliniki za uzazi swali lile lile huulizwa kila kukicha: mwanamke aliyeambiwa baada ya altrasaundi kwamba mayai yake ni madogo anywe nini ili yakue? Swali hilo limejengwa juu ya kosa, na kwa kuwa kosa hilo ndilo mtaji wa wauzaji wa tiba lishe, lazima lisahihishwe kabla ya swali kujibiwa. Kinachopimwa na altrasaundi si yai bali ni folikali, yaani kijifuko chenye majimaji ambamo yai hukaa pamoja na seli nyingi zinazolihudumia. Folikali inayokaribia kupasuka huwa na kipenyo cha milimita 20 hivi, ilhali yai lenyewe, hata likishapevuka, halizidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita, na ukubwa huo haubadilishwi na chakula wala dawa yoyote.

Imani iliyoota mizizi ni kwamba ovari ni kama shamba lililokosa mbolea, hivyo mwanamke akimeza vidonge vya kondo la nyuma la kondoo, unga wa dang'a ya ng'ombe au mchanganyiko wowote unaodaiwa kuwa na vichocheo vya ukuaji, mayai yake yatanawiri. Vichocheo vya ukuaji vipo kweli: ni protini ambazo seli moja huzitoa ili zinaswe na vipokezi vya seli jirani na kuibadilishia mwenendo. Lakini protini ikimezwa hukatwakatwa tumboni na katika utumbo mwembamba mpaka ibaki amino asidi na vipande vidogo visivyo na ujumbe wowote, sawa na protini ya maharage au ya dagaa, kwa hiyo anayenunua kidonge hicho kwa bei ya juu amenunua kitoweo kidogo sana.

Hata kama protini hizo zingefika salama kwenye ovari, dai lenyewe lingebaki batili, kwa sababu ndani ya folikali yai halingoji kulishwa tu, bali nalo hutoa amri. Seli za granulosa, ambazo ndizo zinazolizunguka yai, hupenyeza vijimkono vyembamba katika ganda lake laini na kulipatia malighafi ya nishati, na yai kwa upande wake hutoa protini mbili, GDF9 na BMP15, zinazoziamuru seli hizo ziongezeke na zifanye kazi zake. Mwaka 1996 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya jike waliozaliwa bila jeni ya GDF9 walikuwa tasa, kwa kuwa folikali zao zilikwama katika hatua za mwanzo kabisa ingawa mayai yalikuwemo.

Ushahidi unaoipindua hoja ya mbolea moja kwa moja unatoka kwa kondoo wa ukoo wa Inverdale wa New Zealand, ambao mwaka 2000 walithibitika kuwa na hitilafu katika jeni ya BMP15. Kondoo jike mwenye nakala moja yenye hitilafu, ambaye protini hiyo imempungukia, hupevusha mayai mengi kuliko wenzake na huzaa mapacha mara kwa mara, lakini mwenye hitilafu katika nakala zote mbili ni tasa na ovari zake hubaki zimesinyaa. Kichocheo kikipungua mayai yanayopevuka huongezeka, na kikikosekana kabisa hakuna linalopevuka. Mfumo wa namna hiyo hutawaliwa na mizani, na anayeahidi kuuboresha kwa kuuongezea tu hajui anachokiuza.

Kosa hilo hilo huwakumba wanaotafuta dawa ya kupandisha kiwango cha protini iitwayo AMH. Protini hiyo hutolewa na folikali changa zinazokua, na mojawapo ya kazi zake ni kuzizuia folikali zilizolala zisiamke zote kwa pamoja, hivyo kipimo chake huashiria akiba iliyobaki bila kuwa chanzo cha akiba hiyo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni moja hadi mbili, hufikia balehe akiwa amebakiwa na laki tatu au nne, na hakuna dawa iliyothibitika kuyaongeza. Kwa sababu hiyo miezi inayopotezwa katika kile kiitwacho kusafisha kizazi ni hasara kubwa kuliko fedha, hasa kwa mwanamke aliyevuka miaka 35.

Yapo yanayofaa. Ikiwa folikali zinakwama zikiwa ndogo, kama inavyotokea katika ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, daktari huweza kuagiza letrozole, ambayo hailishi yai bali huifanya tezi ya pituitari itoe zaidi homoni ya FSH inayokuza folikali, na matibabu hayo husimamiwa kwa vipimo. Mwenye uzito uliozidi, akipunguza hata asilimia 5 hadi 10, huweza kurudishiwa upevushaji. Mirija ipigwe picha, mbegu za mume zipimwe tangu mwanzo, na pale njia nyingine zinaposhindikana upandikizaji wa mimba ufikiriwe. Wenzi waende hospitali baada ya mwaka mmoja wa kujaribu bila mafanikio, au miezi sita ikiwa mke ametimiza miaka 35, na mwenye hedhi isiyotabirika asisubiri hata muda huo.

Wauguzi na madaktari wanaoandika majibu ya altrasaundi waache kuandika kwamba mayai ni madogo. Waandike kipenyo cha folikali na siku ya mzunguko, kisha wamweleze mgonjwa maana yake kabla hajatoka chumbani.