MASIKIO HAYAZOEI MAKELELE

Ndugu msomaji, msimu wa pamba ukifika, wakulima wengi wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu huenda kufanya kibarua katika viwanda vya kuchambua pamba. Wengine hubaki vijijini wakiendesha mashine za kusaga unga. Kazi hizi huleta fedha. Lakini kazi hizi zina adui asiyeonekana kwa macho. Adui huyo ni makelele.

Mtu akianza kazi kwenye mashine, jioni masikio yake hulia kama nyenje. Wenzake humwambia, "Utazoea tu." Baada ya muda, naye husema amezoea.

Je, ni kweli amezoea? Hapana. Ameanza kuwa kiziwi.

Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Vinywele hivi hupokea sauti ili ifike kwenye ubongo. Fikiria shamba la mpunga. Upepo mdogo ukivuma, mpunga huinama, kisha husimama tena. Upepo mkali ukivuma kila siku, mpunga hulala moja kwa moja. Vinywele vya sikio ni hivyo hivyo. Lakini mpunga unaweza kupandwa tena. Vinywele vya sikio vikifa, havioti tena. Hakuna dawa ya kuviotesha.

Uziwi huu hauumi, tena huja polepole. Kwanza mtu hukosa sauti nyembamba, kama za ndege na za watoto. Husikia watu wakizungumza, lakini haelewi maneno. Mkutanoni hunyamaza. Nyumbani huonekana mkali, kwa sababu huitwa asiitike. Barabarani hasikii honi.

Wataalamu hupima makelele kwa desibeli. Makelele ya desibeli 85 yasizidi saa 8 kwa siku. Yakiongezeka desibeli 3 tu, muda hupungua nusu. Kwa desibeli 88 ni saa 4. Kwa desibeli 91 ni saa 2. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu.

Kama huna chombo cha kupimia, simama na mwenzako, umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupiga kelele ili msikilizane, makelele hayo ni ya hatari.

Fanya haya:

1. Vaa vizibo vya masikio, au vikinga vinavyofunika sikio lote. Vivae muda wote mashine inapofanya kazi. Osha mikono kabla ya kutia vizibo.

2. Usitegemee pamba. Wengi huokota pamba na kuitia masikioni. Pamba kavu haizuii makelele ya mashine.

3. Tengenezeni mashine. Kazeni nati zilizolegea. Tieni grisi. Ekzosi iliyotoboka izibwe. Mashine inayotunzwa hupunguza makelele.

4. Pokezaneni zamu. Wakati wa kupumzika, nenda mbali na mashine.

5. Wateja na watoto wangojee nje, mbali na mashine ya kusaga.

6. Masikio yakilia, au ukianza kusikia kwa shida, nenda hospitali upimwe mapema. Dawa haitarudisha usikivu uliopotea, lakini unaweza kuokoa uliobaki.

Vibarua wengi huona haya kudai vizibo. Huogopa kuambiwa kuwa wanadeka. Lakini kudai kinga si kudeka. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, ndio unaokagua viwanda. Basi ombeni vizibo kabla ya kuanza kazi, tena ombeni kwa pamoja.

Ndugu msomaji, mashine ikiharibika, fundi huitwa akaitengeneza. Sikio likiharibika kwa makelele, hakuna fundi. Likinge leo, wakati bado linasikia.